Eti "kompyuta imejitaja jina yenyewe"! Nimeuziwa i3 iliyovalishwa jina la i7 na bado nikafokewa

MamaSteshenari:
Wakuu nawasalimu japo mikono inatetemeka, natoka Kariakoo sasa hivi niko kwenye daladala naandika huku nimesimama. Yule mtu mnamjua. Yule wa laptopu za mtumba, ngazi za giza, vijana wake wanakushika mkono toka barabarani, msinilazimishe nimtaje. Leo kaniambia mbele ya wateja kama kumi: "Kompyuta yenyewe imejitaja jina, we mama unabishana nayo kama nani?" Mimi! Na laki sita na nusu zangu anazo yeye!

Iko hivi. Mwezi uliopita nilinunua kwake mashine ya kazi za steshenari, stika ya i7 (prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya daraja la juu kuliko i3) inang'aa kuliko kioo cha saluni, akafungua ukurasa wa System akanionyesha kwa kidole, Intel Core i7-8550U, ramu GB 8, "soma mwenyewe mama, mimi sisemi kitu". Nikasoma nikalipa. Kufika nyumbani ile mashine ukiiwasha unaenda kuteka maji, unachambua mchele, unabandika, unarudi bado inazungusha kale kaduara. Nikajua virusi. Sasa si Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, nikataka niipandishe iende 11, ikagoma, eti prosesa haifai. Haifai vipi wakati 8550U imo kwenye orodha ya zinazokubaliwa? Nafungua Task Manager, dirisha la Windows la kuangalia mashine inavyofanya kazi, naona kori 2, yaani vichwa vya kazi ndani ya prosesa. Hiyo prosesa ina kori 4 na nyuzi 8 (kazi inazoshika kwa mpigo) jamani!

Mpwa wangu akaja na fleshi yenye Linux, akawasha mashine kutokea kwenye fleshi bila kuigusa ile Windows, akaandika lscpu, amri ya kuonyesha prosesa iliyomo. Core i3-2310M. Ya mwaka 2011! Kumbe ule ukurasa wa System hauendi kuiuliza prosesa, unasoma jina lililoandikwa kwenye rejistri, daftari la mipangilio la Windows, panaitwa ProcessorNameString. Kila mashine ikiwaka Windows inaandika hapo jina la kweli, sasa hawa watu wametegesha kiskripti, kiprogramu kidogo kinachojiendesha mashine ikishawaka, kinafuta la kweli kinabandika la uongo. Tumekikuta, tukakipiga picha, tukakiacha hapo hapo kiwe ushahidi.

Leo nimebeba kila kitu nimeenda. Hakutaka hata kuangalia picha. Kaufungua ukurasa ule ule wa System, kawageuzia watu kioo wote waone i7, ndo akasema lile neno. KOMPYUTA YENYEWE IMEJITAJA JINA. Na vijana wake wakacheka. Nikamwambia weka CPU-Z basi, programu ya kukagua prosesa, hiyo inaiuliza prosesa yenyewe kwa amri ya CPUID, eti "hizo programu za mitandaoni zina virusi". Unabishana nayo kama nani! Kama mwenye hela, ndo kama nani!

FundiWaUsiku:
Umepigwa dada, pole. Stika mtu anaibandika hata kwenye friji. Huyo jamaa ana mashine za 2011 kule ndani zinatosha kujengea ukuta wa shule.

Ngosha_Mtulivu:
Ila mama na wewe, mwezi mzima unachambua mchele ndo ushtuke? 😂 Halafu kori 2 peke yake sio ushahidi, i7-7500U nayo ina kori 2 na ni i7 halali.

MamaSteshenari:
Soma nilichoandika, 8550U sio 7500U. Na wala sio kori zinazoniuma, ni lile neno. Kanigeuzia kioo mbele za watu kama mimi ndo mwizi.

Chuma_cha_Pua:
Mimi kaniambia hivyo hivyo 😂😂 "imejitaja yenyewe mdogo wangu". Neno lake la dukani hilo.

BintiTanga:
Afadhali wewe una mashine inayowaka. Mimi nimeuziwa fleshi ya TB 1, kompyuta inasoma TB 1 kabisa, nikajaza video za harusi ya dada. Ndani ni GB 32! Kile kidude kinachoendesha fleshi kimefundishwa kudanganya, kompyuta inaamini kinachoambiwa, inaendelea kupakia huku vya zamani vinafutwa. Bibi harusi anaingia ukumbini, kioo kinakuwa cheusi.

FundiWaUsiku:
@BintiTanga fleshi ukinunua ipitishe kwenye programu ya kupima inaitwa H2testw, kwa Linux ipo F3. Inaijaza yote halafu inasoma upya kama vitu vipo. Inachukua muda ila inaumbua.

Kaka_Mbezi:
Wote wezi tu, hadi kampuni kubwa. Diski yangu imeandikwa GB 500 naona 465. Hizo 35 nani kazila??

Ngosha_Mtulivu:
Hakuna aliyekula mkuu. Kiwandani wanahesabu baiti bilioni 500. Windows inagawanya kwa 1,073,741,824 halafu bado inaandika GB, ndo unapata 465.

Kaka_Mbezi:
Sasa kwa nini Mac ya shemeji inaonyesha 500?

Ngosha_Mtulivu:
Apple walihamia hesabu ya elfu elfu toka toleo la Mac la Snow Leopard, 2009. Diski ni ile ile.

Kaka_Mbezi:
Kwa hiyo Windows ndo mwongo.

Chuma_cha_Pua:
Windows iko sahihi, walioharibu ni wa viwandani. Kilo ya kompyuta ni 1024 toka enzi.

Kaka_Mbezi:
Kilo ni elfu hata sokoni mkuu, nenda kanunue sukari.

MamaSteshenari:
Naona mmehamia kwenye sukari. Jamani mimi nauliza, nani amewahi kurudishiwa hela na yule mtu? Hata nusu?

BintiTanga:
Simu je? Yangu imeandikwa ramu GB 16, kumbe 8 ndo zake na 8 simu imeziazima kwenye hifadhi ya picha.

FundiWaUsiku:
Kwa mtumba mimi naogopa betri kuliko vyote. Fungua lile dirisha jeusi la amri, andika powercfg /batteryreport, inakuambia ilizaliwa na uwezo gani na sasa imebaki na ngapi.

Kaka_Mbezi:
Hiyo mstari wa mkwaju unaelekea wapi mkuu? Inanikatalia

FundiWaUsiku:
Mbele, kama wa tarehe. Na acha nafasi kabla yake.

Kaka_Mbezi:
Imekubali. Ilizaliwa na mWh 48,000, sasa 9,100 😭 Betri hizi zinapatikana wapi?