Mtoto mdogo afundishwe kulenga shabaha? Nakubali, ila si kwa namna tunavyofanya

Wakuu, mada hii kila ikiibuka watu hugawanyika mafungu mawili kabla swali halijaisha. Fungu la kwanza linasema samaki mkunje angali mbichi: mtoto akiizoea bunduki mapema, mkubwa akiwa pembeni, miwani usoni na vifunika masikio kichwani, hataichezea siku akiikuta peke yake. Fungu la pili linarusha ile ya mtoto akililia wembe, na kusema hapa hapewi hata kama methali imesema apewe.

Naanza na huo wembe, maana ndipo wengi wanapopotea. Wembe humkata aliyeushika. Akishajikata amejifunza, na methali imefanya kazi yake. Bunduki humkata aliyesimama upande wa pili, tena mbali. Hata risasi ndogo ya .22, hii wanayoiita ya kujifunzia, inaweza kwenda zaidi ya kilomita 1 ikikosa kitu cha kuizuia. Hapa hakuna somo la "mwache ajionee".

Msimamo wangu nautoa mapema ili wa kunipinga aanze kunoa hoja. Nakubali mtoto afundishwe. Ninachokataa ni imani kwamba vifaa vya kinga ndivyo vinavyofanya somo liwe salama, na ile haraka ya kumkabidhi mtoto wa miaka 5 bunduki ya kweli eti kwa sababu inatengenezwa ya saizi yake.

Nimesimamia mazoezi ya kulenga shabaha kwa muda, na kuna kitu nimekiona mara nyingi hadi siku hizi mkono wangu unatangulia wenyewe kukizuia. Mtoto analenga, anafyatua, karatasi inatoboka jirani na katikati. Furaha inampanda. Anageuka: "Baba, umeona?" Akigeuka, na bunduki inageuka naye. Mtutu unampitia mwenzake wa kushoto, unanipitia mimi, unaenda kuishia tumboni kwa baba ambaye anacheka na simu ameinyanyua apige picha. Mtoto huyo hajafanya utundu wowote. Amevaa kila kitu. Dakika kumi tu zilizopita alizitaja kanuni zote bila kukosea: bunduki yoyote ihesabu ina risasi, mtutu usielekee usichotaka kukiharibu, kidole kikae nje hadi uwe umelenga, jua kilichoko nyuma ya shabaha. Kilichotuokoa ni kwamba ilikuwa bunduki ya upepo, inayopakiwa kirisasi kimoja kimoja kwa mkono, na hicho kimoja kilikuwa kimeshaingia kwenye karatasi.

Sasa weka hapo silaha nyingine. Agosti 2014, jimbo la Arizona, Marekani, msichana wa miaka 9 alipewa Uzi, bunduki fupi inayoweza kumimina risasi mfululizo, kwenye uwanja wa kulenga. Kwanza alifyatua risasi moja, vizuri kabisa. Kisha mwalimu, akiwa amesimama ubavuni mwake, akaigeuza ipige mfululizo. Teke la bunduki likaunyanyua mtutu juu na kushoto, mikono ya mtoto ikashindwa, mwalimu akapigwa kichwani na kufa. Miaka 6 kabla ya hapo, Oktoba 2008, huko Massachusetts, mvulana wa miaka 8 alikuwa ameuawa na Uzi ndogo aliyoishika mwenyewe kwenye maonyesho ya bunduki, baba yake akiwa palepale. Kote kuwili palikuwa na uwanja, palikuwa na mkubwa karibu. Aliyekosekana ni wa kusema mikono hii na silaha hii haviendani.

Kwa hiyo kwangu bunduki ya mtoto ina sifa tatu kabla hatujafika kwenye miwani: inabeba risasi moja tu, haina teke, na imelazwa juu ya mfuko wa mchanga au stendi ili asibebe uzito wote. Bunduki ya upepo inatosha. Ya mwanga, ambayo haitoi kitu chochote mtutuni, inatosha zaidi kwa wadogo.

Kuhusu vifaa vyenyewe, naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu watu huviorodhesha kana kwamba kuvivaa ndiyo mwisho wa habari.

Masikio kwanza. Mlio wa bunduki nyingi uko kati ya desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 140 na 170. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha 140 kwa mtu mzima na 120 kwa mtoto. Bunduki ndefu ya .22, ambayo wakubwa wanaiona kama kijiti cha kibiriti, inacheza karibu na 140. Yaani inayomgusa mtu mzima mpakani, kwa mtoto imeshavuka mpaka kitambo. Na sikio likiharibika kwa mlio halirudi, wala si lazima liume ndipo ujue. Halafu kile kifunika masikio cha mkubwa mnachomvika mtoto, hebu mtazameni akishalaza shavu kwenye kitako cha bunduki. Kitako kinakisukuma kifunika kwa chini, kinaachia upenyo. Mikono ya miwani nayo inapita chini ya kile kitambaa laini na kufungua upenyo mwingine. Nina jaribio rahisi: mtoto akiwa amelenga kabisa, bunduki tupu, nazungusha kidole kando ya kifunika chote. Kidole kikipenya, na mlio unapenya. Vizibo vya sponji navyo havifai vikichomekwa tu nje kama mbegu ya chungwa. Unavisokota viwe vyembamba, unavuta sikio juu na nyuma, unasukuma ndani, unashikilia hadi vijae. Vingi vimetengenezwa kwa tundu la sikio la mtu mzima, kwa mtoto vinatoka. Ndani ya jengo nataka vyote viwili kwa pamoja, au asiingie.

Miwani sina maneno mengi: iwe ya polikaboneti, ile plastiki ngumu, izibe na pembeni, ikae usoni mwa mtoto bila kushikiliwa. Kinachosahaulika ni kofia yenye ukingo na shati lililofungwa hadi shingoni. Ganda la risasi linaporuka ni la moto. Likidondokea ndani ya kola, mtoto ataruka, atajipapasa, na bunduki bado anayo mkononi. Kifungo kimoja cha shati kinaweza kuwa kinga kubwa kuliko miwani.

Halafu kuna hili ambalo lugha yetu yenyewe inalisema bila sisi kusikia. Risasi ni risasi, na madini ya risasi ni risasi. Vumbi lake linatoka kwenye kichwa cha risasi na kwenye kiwashio cha baruti, linakaa mikononi, kwenye nywele, kwenye nguo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto akikimeza hicho kitu mwili wake unafyonza mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima. Sasa mtoto huyohuyo ndiye tunamtuma akaokote maganda kwa ndoo, "kazi nyepesi", kisha anapewa biskuti. Hapana. Hakuna kula uwanjani, mikono na uso vioshwe kwa sabuni, nguo zibadilishwe kabla ya kupanda gari. Hata virisasi vya bunduki ya upepo vingi ni vya madini hayohayo.

Haya, tuseme yote hayo yamefanyika. Saa moja imeisha, vifaa vimevuliwa. Mimi hofu yangu huanza hapo.

Tarehe 30 Aprili 2013, Kentucky, mvulana wa miaka 5 alimpiga risasi na kumuua dada yake wa miaka 2, nyumbani. Bunduki ilikuwa .22 ya saizi ya mtoto, zawadi yake mwenyewe, imesimamishwa kwenye kona, na wakubwa hawakujua kuna risasi imebaki ndani. Siku hiyo hapakuwa na somo wala miwani. Palikuwa na kona tu.

Wale wa "akizoea hatachezea", naomba wasome hili polepole. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti wa wavulana 64 wa miaka 8 hadi 12, walioachwa kwa vikundi vidogo kwenye chumba chenye bastola halisi isiyo na risasi, imefichwa kwenye droo. Walioiona ni 48. Walioishika ni 30. Waliovuta kifyatulio ni 16. Na zaidi ya asilimia 90 ya hao walioishika au kuvuta walisema walishawahi kupewa mafunzo ya usalama wa silaha, ya aina moja au nyingine.

Nisiwafiche upande wa pili. Mwaka 2023 ulitoka utafiti mwingine, wa Ohio, wa watoto 226 wa umri uleule. Baadhi walionyeshwa video ya dakika 1 ya usalama wa silaha, wengine ya usalama wa gari, na wiki moja baadaye wakakutana na bastola. Walioona ya silaha waliigusa asilimia 39, wenzao asilimia 67. Kwenye kuvuta kifyatulio, asilimia 9 kwa 30. Elimu inasaidia, sitabisha. Lakini hebu jiulize kama ungekubali breki zinazoshika mara sita kwa kumi. Ndiyo maana kwangu mwanafunzi wa kwanza ni mzazi, na somo lake ni kufuli: bunduki tupu, imefungiwa, risasi zimefungiwa kwingine, ufunguo haukai juu ya kabati ambako kila mtoto wa nyumba ile anakujua.

Na haraka ni ya nini? Ujerumani mtoto hupewa bunduki ya upepo akifika miaka 12 na ya .22 akifika 14, kwa idhini ya wazazi na msimamizi mwenye sifa. Zürich, Uswisi, wana sherehe kubwa ya vijana kulenga kwa bunduki ya kijeshi, na hao vijana ni wa miaka 13 hadi 17. Anayeniambia mtoto asipoanza na miaka 5 atachelewa kuwa bingwa, nampa Ban Hyo-jin wa Korea Kusini: alianza kulenga 2021, na kwenye Olimpiki ya Paris 2024 akachukua dhahabu ya bunduki ya upepo mita 10 akiwa na miaka 16. Miaka mitatu tu.

Naongeza baada ya kusoma majibu yenu.

Mmoja amesema ninaongea kama mtu wa mjini, kwamba kwenye familia za wawindaji mtoto hukua na silaha na hakuna maafa. Nusu ya hoja yake naikubali. Mtoto aliyeandamana na baba yake porini na kumwona mnyama akianguka anajua risasi inafanya nini, na hilo, karatasi ya shabaha haiwezi kumfundisha. Lakini mtoto huyo, kwa wanaofanya vizuri, msimu mzima hubeba mfuko na maji. Bunduki huja baadaye. Hiyo ndiyo shule ninayoitetea, ndugu yangu, tumegongana njiani tu.

Mwingine ameuliza umri kamili. Sina tarakimu moja ya kukupa, na anayekupa anakudanganya. Ninaangalia mambo madogo: ukimwambia "simama" akiwa katikati ya mbio, anasimama? Anaweza kungoja zamu yake bila kukumbushwa? Akikosea anasema, au anaficha? Anayeficha makosa simpi bunduki hata akiwa na miaka 15.

Dada mmoja kaandika kwamba nyumbani kwake hakuna silaha, hivyo mjadala haumhusu. Dada, kulenga huna haja ya kumfundisha. Yale manne yanamtosha: simama, usiguse, ondoka, mwambie mkubwa. Yalianzishwa 1988 na chama cha wamiliki wa bunduki cha Marekani, kwa hiyo hata fungu la kwanza haliwezi kuyakataa. Ila kuna jambo la tano, nalo ni swali lako wewe: mtoto anapokwenda kucheza kwa wenzake, umeuliza kama nyumba ile ina silaha na inakaa wapi? Najua ni swali la aibu. Mimi mwenyewe nikiliuliza bado nababaika.

Na kuhusu ile furaha ya kugeuka, kwa kuwa wawili mmeuliza ninaizuiaje. Nimewafundisha watoto utaratibu wa kushangilia. Laza bunduki mezani, mtutu kwenye shabaha. Fungua chemba. Rudi hatua moja. Inua mikono yote miwili, sasa piga kelele uwezavyo. Wanaupenda ajabu, wanauona kama mchezo. Juzi binti mmoja aliufanya wote, hatua kwa hatua, akapiga kelele hadi nikacheka. Baba yake akasogea mezani, akaichukua ile bunduki, akageuka nayo ili wapige picha.