Asidi na alkali: kwa nini joto linapungua kwenye hesabu?

Molari: Wakuu, nachanganya ml 50 za HCl (asidi) 1 M, yaani moli 1 kwa lita, na ml 50 za NaOH (alkali) 1 M ndani ya bika ya kioo ya ml 250. Joto linapanda nyuzi 5.6 tu, hesabu ya joto linalotoka asidi na alkali zikiungana inanipa −46.8 kJ kwa moli (alama ya kutoa ni joto linalotoka). Vitabu vinasema karibu −57. Nakosea wapi?

Kalori: Hesabu yako iko sawa: g 100 × 4.18 (J za kupasha gramu moja ya maji nyuzi moja) × 5.6 ni J 2341, gawanya kwa moli 0.05. Kwa −57 ilitakiwa ipande nyuzi 6.8. Mwizi wa kwanza ni hiyo bika. Ina uzito wa kama g 100, na kila gramu ya kioo hula takriban J 0.8 kwa kila nyuzi. Hata ikipata moto nusu yake tu, zaidi ya J 200 zimeshapotea. Weka kikombe cha stairofomu ndani ya bika kisianguke, na ukifunike.

Nyuzi_Nusu: Naongezea. Themometa yenye alama za nyuzi moja moja haifai hapa. Ukikosea nusu nyuzi mwanzo na nusu mwisho, kwenye 5.6 hilo ni kosa kubwa mno. Tafuta yenye alama za nyuzi 0.1, au tumia 2 M pande zote, joto lipande mara mbili (vaa miwani).

Pia usichukue kilele unachokiona, kwa sababu mchanganyiko unapoa huku bado unakoroga. Soma joto la asidi kila nusu dakika hadi dakika ya 3, mimina alkali dakika ya 4 bila kusoma, kisha endelea hadi ya 10. Chora grafu, urudishe mstari wa kupoa nyuma hadi dakika ya 4. Pima na joto la alkali kabla; zikitofautiana, tumia wastani.

Molari: Nikiweka NaOH ya punje moja kwa moja, si nitaepuka kupima mara mbili?

Kalori: Hapana mkuu, hapo unapima vitu viwili. NaOH ikiyeyuka yenyewe hutoa karibu kJ 44 kwa moli, kwa hiyo utapata kama −101. Gramu 2 kwenye ml 100 za HCl 0.5 M zitapandisha karibu nyuzi 12. Tena punje hizo hunyonya unyevu hewani haraka. Ukizembea kwenye mizani, sehemu ya hizo gramu 2 ni maji.