Eti aufute mfupa kwa sababu nimeushika MIMI??

Jamani nimeingia nyumbani sasa hivi, hata buibui sijavua, mikono yatetemeka. Yule bwana wa tochi nyekundu, mwamjua sote, sitaji jina la mtu, yule wa anatomia kwenye kozi ya likizo hapa Malindi, ambaye ukimsikiliza utadhani mifupa yote 206 ana hatimiliki yake.

Leo ilikuwa zamu ya mkono. Bega mpaka kidole kwa asubuhi moja, kitu ambacho chuoni watu wanakisoma wiki na wiki sisi tunamezeshwa kabla ya adhuhuri, ukipiga chafya tu umekosa pleksasi nzima, ule mtandao wa neva za mkono, kuanzia neva ya uti wa mgongo C5 mpaka T1, na harudii. Sawa, tumelipa, tumekubali. Akanipa mtulinga, ule mfupa wa kutoka kifuani mpaka begani, niseme ni wa kulia au wa kushoto. Nikasema wa kulia.

Akanyamaza. Kisha mwanamume mzima na ndevu zake akauchukua ule mfupa mkononi mwangu, akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitambaa cheupe kimepigwa pasi, akaufuta. AKAUFUTA. Taratibu, kutoka ncha hii mpaka ncha hii, akarudia na chini yake, watu arobaini wanatazama, ndipo akampa yule msichana wa mbele.

Huo mfupa ni plastiki!! Kabla yangu aliushika kijana anayekula mabuyu, vidole vyekundu mpaka kiganjani, hakufutiwa mtu. Saa tatu ulianguka ukaviringika mpaka chini ya meza, akauokota akaupuliza fuu, basi. Mimi niliyenawa, niliye na udhu wangu, ndiye wa kutolewa kitambaa?

Angenitukana ningelimeza. Angeniambia nenda kauze viazi karai, ashawaambia nusu ya Malindi hivyo. Lakini kufuta! Na alipomaliza akakitazama kile kitambaa, AKAKITAZAMA, kama kuna kitu, kisha akakikunja pande nne akakirudisha mfukoni. Pande nne wallahi.

Sitaki ushauri. Nataka mjue tu.

Mwana_wa_Ngala: Pole dada. Lakini si ule mtulinga una herufi L imeandikwa kwa kalamu?

Mwenye uzi: Hakukuwa na herufi.

Mwana_wa_Ngala: Ilikuwepo jana.

Bin_Barani: Basi ndiyo ameifuta hahahaha. Msichana wa mbele alijibuje?

Mwenye uzi: Hilo si la muhimu. La muhimu ni KITAMBAA.

Bin_Barani: Alisema wa kushoto, nilikuwepo.

Kidole_Chekundu: Mimi ndiye kijana wa mabuyu. Naomba nisiingizwe kwenye mambo haya. Halafu yalikuwa mabuyu ya ndimu, hayana rangi nyingi vile.

Kadzo_M: Shoga mimi nakuunga mkono asilimia mia. Yule bwana mwaka jana nilimwambia samahani sijasikia, akanimulika ile tochi sikioni akaanza kufundisha sikio. Darasa lilikuwa la goti.

Kadzo_M: Na alifundisha vizuri, ndicho kilichoniuma zaidi.

Msomi Mtulivu: Dada kwa faida ya wote, mtulinga ni rahisi. Ncha nene ielekee kifuani, ncha bapa begani, kale kafereji kakae upande wa chini, na nusu ya kifuani ndiyo inayotokeza mbele. Ukiushika juu chini ule wa kushoto utauona wa kulia, wengi huanguka hapo. Tena ndio mfupa wa kwanza mwilini kuanza kuwa mgumu, mtoto yuko tumboni wiki ya 5 au 6, na ncha yake ya kifuani huunga mwisho kabisa, mtu ashapita miaka 20.

Bin_Barani: Nani kakuuliza

Mwenye uzi: Nimesema sitaki ushauri na wewe umekuja na muhadhara. Mie nasema hivi, mtu hufuta kitu kilichoguswa na NINI? Nijibuni hilo tu.

Dereva Mstaafu wa Boda: Huo mfupa naujua bila kozi. Niliuvunja pale Gede nilipomkwepa punda, pale katikati ndipo unapokatika. Kulia au kushoto uliza mimi, siku ya mvua unanipigia simu.

Neema_histo: Nyie mwalia na mfupa wa plastiki, mna raha. Njooni huku kwa yule mama wa histolojia, somo la tishu kwa darubini. Darubini moja, foleni mpaka veranda, ukifika zamu yako taa yake inapepesa, anakuuliza umeona? Unasema nimeona. Nimeona nini, nimeona kope zangu mwenyewe. Nusu ya darasa letu wamechora kope wakaandika chini yake misuli ya moyo, na wamepata vema.

Kadzo_M: Nilichora kope nikapewa 7 kwa 10 🤣

Mzee wa Fomalini: Msilete maringo. Wakati wetu ilikuwa maiti halisi, fomalini, ile dawa ya kuhifadhia maiti, inakuchoma macho mpaka unalia hata kama hukufiwa, kaskazi inapuliza joto, madirisha mawili. Nikirudi nyumbani mama watoto ananiwekea sahani nje pamoja na paka. Nyie mna plastiki na feni juu.

Neema_histo: Mzee hakuna aliyekuzuia kuoga.

Amu_Asilia: Mwenzenu nimetoka Lamu kwa ajili ya hiyo kozi. Boti mpaka Mokowe, nikapanda basi, Witu, Garsen, kila kizuizi shuka toa kitambulisho panda tena, nikafika Malindi mgongo umenikauka. Nafika mlangoni naambiwa darasa la yeo lilisogezwa, lilifanywa jana. Hela hazirudi. Nikauliza la jana lilikuwa la nini, la uti wa mgongo.

Bin_Barani: Si ulikuwa nao

Mwenye uzi: Jamani huu uzi ni wa kitambaa.

Amu_Asilia: Tena nyumba niliyopata ya kupanga ndiyo maafa makubwa. Maji asubuhi ndoo moja, stima ya tokeni tunachanga watu watano halafu mwenye nyumba anachomekea friji yake kwenye laini yetu, na saa tatu usiku geti limefungwa, uko nje na mifupa yako.

Kidole_Chekundu: Ngoja. Geti la buluu?

Amu_Asilia: La buluu.

Kidole_Chekundu: La karibu na msikiti au la mwenye mbuzi?

Amu_Asilia: La mwenye mbuzi.

Neema_histo: YALLA. Nilikaa hapo mwezi mzima! Friji ile ina soda za kuuza, anatuuzia sisi sisi kwa stima yetu wenyewe.

Kadzo_M: Akupandishia kodi ukipika maharage?

Neema_histo: Anapita na pua mlangoni. Anasema maharage yanakula makaa ya jirani.

Kidole_Chekundu: Yule mbuzi alinilia noti zangu za neva 12 za kichwa. Nilizianika kwa sababu zililoana na mvua, nimegeuka tu. Alianza na ya kwanza akaenda kwa mpangilio mpaka ya 9. Ya 10 akaitema.

Mzee wa Fomalini: Ya 10 ndiyo vegasi, ni ndefu, haimezeki.

Kidole_Chekundu: Nikamlalamikia mwenye nyumba, akasema karatasi zimemharisha mbuzi wake, nilipe mia mbili.

Amu_Asilia: Ulilipa?

Kidole_Chekundu: Geti si lilikuwa limefungwa.