Tabia za farasi na elimu jumuishi: nianzie wapi nikiwa Dar?

Mwalimu_Tegeta: Wadau, habari za jioni. Nina shahada ya elimu maalumu. Nataka uzamili wa tabia na ustawi wa farasi, baadaye nifundishe chuoni, darasa likiwa na wenye ulemavu. Farasi hapa mjini ni wachache mno. Nifanye nini andiko langu la utafiti lisirudishwe?

Dokta_Mifugo: Mwalimu, jizoeze kwa punda. Matokeo yake usiyahamishie kwa farasi, maana punda huficha maumivu zaidi, ila kazi ya kutazama ni ileile. Usiandike "mnyama ana hasira". Hiyo tayari ni tafsiri. Andika masikio yamelala nyuma, mkia unapigwa, mguu wa nyuma umeinuliwa. Halafu uamue: unamfuata mnyama mmoja dakika 10 mfululizo, au unapitia kundi zima kila baada ya dakika 5? Njia hii ya pili haifai kwa teke, kwa sababu teke huisha kabla hujamfikia aliyelipiga. Nzi nao wahesabiwe, la sivyo kila mkia unaopigwa utauita msongo.

Watu wawili waipe alama video moja, kila mtu peke yake. Wakitofautiana, rekebisheni maelezo ya kitendo kwanza. Kipimo cha kusoma maumivu usoni mwa farasi cha 2014 (Horse Grimace Scale) kina sehemu 6, kila moja alama 0 hadi 2. Kilitengenezwa kwa farasi waliohasiwa, kwa hiyo ukitumie kwa uangalifu kwingineko.

Bi_Jumuishi: Naongezea upande wa darasa. Tafadhali, mwanafunzi asiyeona asiachwe pembeni asimuliwe na wenzake. Mpe kazi ya pumzi: kiganja ubavuni, nyuma ya mbavu, ahesabu dakika nzima. Farasi mzima aliyetulia hupumua mara 8 hadi 16. Amkaribie kutokea begani huku akiongea, kwani farasi haoni kilicho nyuma yake moja kwa moja. Kamba asiizungushe mkononi hata kidogo. Farasi akishtuka, vidole vinaondoka.

Kwa kiziwi, kubalianeni ishara ya mkono ya kila kitendo kabla ya kwenda bandani. Mkalimani asimame upande alipo mnyama, macho yasihangaike. Kiti cha magurudumu farasi akizoee kwanza, akiwa na nafasi ya kurudi nyuma.

Mwalimu_Tegeta: Shukrani sana. Wasimamizi je?

Dokta_Mifugo: Wawili: wa mifugo SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Morogoro, na wa elimu. Soma pia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 kabla hujaomba kibali.