Transomu ya boti ya faiba imeoza: nifumue kwa ndani au kwa nje?

Mzamiaji_Kunduchi

Habari za leo wakuu. Naomba ushauri wa wanaoijua faiba.

Boti ni ya futi 19, ya miaka ya themanini, inatumia mashine moja ya nje ya shafti ndefu. Transomu, yaani ukuta wa nyuma unaobeba mashine, ni plaiwudi iliyofunikwa faiba pande zote mbili. Ukishika mguu wa mashine ukaunyanyua, tezi (nyuma ya boti) inacheza mpaka unaona kwa macho. Bakuli la mashine (kisanduku cha faiba mbele ya mashine kinachozuia maji yasiingie botini) lina nyufa kwenye kona zote mbili za chini. Matundu ya bolti za chini yanachuruza maji ya rangi ya chai hata boti ikiwa imekaa nchi kavu. Nikigonga kwa mpini wa nyundo, pembeni kunalia vizuri, ila katikati, kuanzia tundu la kizibo hadi karibu na bolti za juu, mlio ni mzito na umekufa.

Fundi mmoja anataka kubandika bamba la alumini nje na ndani kisha akaze bolti ndefu. Mwingine anasema atoboe matundu amimine resini. Kwa akili yangu zote mbili ni kuficha ugonjwa. Nifumue kwa ndani au kwa nje? Plaiwudi ipi, resini ya poliesta au ya epoksi, na ninunue kiasi gani? Boti iko kwenye trela Kunduchi, chini ya turubai.

FaibaNaMsasa

Mkuu, umeona sawa. Bamba la alumini linataka matundu mapya, na kila tundu ni njia nyingine ya maji. Kumimina resini kwenye mbao iliyolowa ni kupoteza hela, kwa sababu nafasi ambayo resini ingeingia imeshajaa maji. Inaganda juujuu, uozo unaendelea chini yake.

Kwanza jua uozo umefika wapi. Chukua keekee ya milimita 5, izungushie utepe kwenye milimita 38 ili isitoboe ganda la nje, halafu toboa kutoka ndani kila baada ya sentimita 15. Angalia unga unaotoka. Ukiwa mkavu na wa rangi ya mbao, hapo ni pazima. Ukiwa wa kahawia iliyokolea, unaganda vidoleni na kunuka uvundo, pameoza. Usisahau kutoboa pale mbao za urefu za sakafuni zinapoungana na transomu. Maji ya ngama (yanayotuama chini ndani ya boti) hulala hapohapo, na transomu mpya iliyofungwa kwenye mbao mbovu itaanza kucheza tena, kwa sababu msukumo wa mashine hupita kwenye mbao hizo kwenda kwenye boti nzima. Kwa dalili ulizotaja, toa transomu yote. Plaiwudi hufyonza maji kupitia kingo zake na kuyapeleka mbali, kwa hiyo uozo unaousikia kwa nyundo huwa mdogo kuliko uliopo.

Boti yako ningeifumua kwa ndani. Ganda la nje ndilo lenye umbo na gelkoti (ngozi ya rangi inayong'aa), liache. Kufumua kwa nje kunafaa pale ambapo sitaha ya nyuma haiondoleki kabisa, lakini utabaki na kazi kubwa ya kunyoosha na kupaka rangi tezi nzima, na kiungio kinakuwa upande unaokaa majini. Bakuli la mashine likate litoke lote, limeshapasuka hata hivyo.

Kabla ya kuwasha grenda, pima na uandike: pembe ya transomu, kimo chake kutoka ukingo wa juu hadi chini ya mkuku (uti wa chini wa boti) pale mashine inapokaa (shafti ndefu ni kama inchi 20), na mshazari wa kona kwa kona. Egemeza mkuku na pembe za chini vizuri. Ganda la nje likibaki peke yake ni milimita 4 hadi 6 tu, litalegea na kujipinda, na ukilibandika likiwa limepinda litabaki hivyo maisha. Kwa hiyo lifunge kwa nje na mbao mbili za 2 kwa 4 zilizonyooka, ukitumia matundu ya bolti yaliyopo.

Kata ganda la ndani ukiacha ukingo wa sentimita 7 hivi ubavuni na chini. Mbao iliyooza itatoka kwa patasi, na iliyo nzima pembeni itakusumbua. Ichane kwa msumeno wa mviringo uliowekwa kina kifupi, uitoe vipande vipande, halafu malizia kwa grenda na msasa wa namba 36 hadi uone faiba safi. Usichimbe ganda la nje. Ule ukingo ulioacha uchonge mshazari wa 12 kwa 1: ganda la milimita 4 linataka mshazari wa karibu sentimita 5. Vaa barakoa yenye vichujio, si kitambaa, pamoja na miwani na mikono mirefu. Kisha acha pakauke kabisa. Feni na siku za jua zinatosha, ila usifanye hivi katikati ya masika.

Plaiwudi ndipo wengi wanapoumia hapa Dar. Ukiomba marini bodi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, utapewa ile ya kumwagia zege, yenye ngozi nyeusi au ya kahawia inayong'aa. Ile ngozi imetengenezwa makusudi ili kitu kisishike, kwa hiyo resini haitashika, na ndani mara nyingi ina mapengo kati ya tabaka. Unachotaka ni plaiwudi ya boti ya kiwango cha BS 1088. Ukishindwa kuipata, tafuta plaiwudi ya mbao ngumu yenye gundi isiyoyeyuka majini: kata kipande, kagua kingo zote kama kuna mapengo, kisha kichemshe saa kadhaa. Tabaka zikiachana, rudisha. Kuna mafundi wa Keko watakaokushauri mbao nzima ya mninga au mtiki. Ni mbao nzuri sana kwa milango, lakini nyuzi zake zinaelekea upande mmoja, hupasuka kwenye mstari wa bolti, na mtiki una mafuta yanayozuia gundi.

Tumia tabaka mbili za milimita 18. Kimo cha pembeni kinazidi nusu ya upana wa karatasi, kwa hiyo nunua karatasi mbili za futi 8 kwa 4, na masalia yatatengeneza mabano ya kuunganisha transomu na mbao za sakafuni. Chora kwanza kwenye kadibodi, jaribu kikavu, na acha nafasi ya milimita 5 pembeni na chini. Mbao isikae kwa nguvu kwenye ganda, maana itatoa alama ya mstari kwa nje.

Epoksi kwa eneo la mita moja na robo za mraba: karibu kilo moja na nusu ya kuloweshea mbao, kilo 5 za kubandika tabaka, moja ya kona, 4 za kuloweshea faiba. Nunua kilo 13 upate akiba. Faiba iwe ya kushonwa ya nyuzi mshazari, gramu 850 hivi kwa mita ya mraba, mita 5 za mraba zinatosha tabaka tatu. Ongeza mfuko wa unga wa silika, roli, mabeseni mapana na asetoni.

Kubandika: paka epoksi tupu kwenye ganda na kwenye mbao, hasa kingo, rudia kingo mpaka ziache kunywa. Kisha koroga epoksi na silika hadi iwe nzito kama siagi ya karanga, itandaze kwa mwiko wenye meno ya milimita 6 pande zote mbili. Weka mbao, kaza kwa bolti ndefu na zile 2 kwa 4. Acha kukaza pale gundi inapochomoza kuzunguka kote. Ukikaza kupita hapo unaikamua yote, na kiungio kikavu hakishiki. Toboa vitundu vichache kwenye tabaka la ndani ili hewa itoke. Bolti zipake nta, la sivyo hazitoki tena.

Kona zote jaza kwa mchanganyiko huo, mviringo wa sentimita 2, kisha weka tabaka tatu za faiba zinazopanda ubavuni na sakafuni sentimita 10, 15 na 20. Faiba haikubali kona kali: inanyanyuka, inaacha hewa ndani, na hapo ndipo inapoanza kuachia.

Kusi_Kaskazi

Nakubaliana na hatua zote, ila nisimame kidogo upande wa poliesta. Boti hiyo ilijengwa kwa poliesta na ilidumu miongo. Tatizo la poliesta ni kushika mbao na kushika faiba ya zamani. Dawa yake ni kulowesha mbao kwanza, kuacha ishike kidogo, kisha kuweka mkeka wa faiba wa gramu 450 uliolowa sawasawa kati ya kila nyuso mbili zinazokutana. Usibandike mbao kavu kwa resini tupu. Kama bajeti haifiki epoksi, hii ni njia halali, na bora zaidi ni resini ya vinilesta.

Mambo ya kuzingatia. Hadina, yaani dawa ya kugandisha resini, ni asilimia 1 hadi 2, yaani gramu 10 hadi 20 kwa kilo. Joto la Dar linamshawishi mtu ashuke chini ya asilimia 1, na resini ya namna hiyo haikomai hata ikionekana ngumu. Kama duka linakuuzia kobalti kando, ile dawa ya zambarau ya kuharakisha kuganda, ichanganye kwenye resini kwanza, koroga, ndipo uweke hadina. Kobalti na hadina zikikutana zenyewe zinalipuka, na hadina haipaswi kugusana na asetoni pia. Watu wameungua kwa hili, tafadhali lichukulie kwa uzito.

Na usichanganye mpangilio: epoksi juu ya poliesta iliyopigwa msasa inashika vizuri, poliesta au gelkoti juu ya epoksi haishiki vizuri. Mkeka wa kawaida nao una gundi inayoyeyuka kwenye poliesta, si kwenye epoksi, ndiyo maana mkuu hapo juu kasema faiba ya kushonwa.

Mzamiaji_Kunduchi

Asanteni sana wakuu, nakwenda na epoksi. Hofu yangu ni joto. Mchana chini ya turubai kunapita nyuzi 32. Si itaganda kabla sijamaliza kutandaza?

FaibaNaMsasa

Itaganda ukiiacha kwenye kopo. Epoksi inatoa joto yenyewe, na kopo lililojaa linajipasha mpaka linafuka moshi. Nunua hadina ya polepole, changanya gramu 400 hadi 500 kwa mkupuo, pima kwa mizani badala ya kukisia, na imwage kwenye beseni pana mara tu ukimaliza kukoroga. Kadiria kuwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka zinapunguza muda wako kwa nusu. Kubandika tabaka mbili kunataka watu wawili: mmoja anachanganya tu, mwingine anatandaza.

Kulowesha mbao anza kama saa tisa alasiri, joto likiwa linashuka. Hewa iliyo ndani ya mbao inaposinyaa inavuta epoksi kuingia. Ukifanya asubuhi, hewa inapanuka, inasukuma epoksi nje, na unabaki na mapovu kila mahali. Funika kabla ya umande wa usiku. Kesho yake ukikuta utando wa mafuta juu, ni kawaida penye unyevu: osha kwa maji safi na brashi ngumu, kausha, ndipo upige msasa. Ukipiga msasa kabla ya kuosha unausugulia ndani, na tabaka linalofuata linaachia.

Nahodha_Kigamboni

Niongeze upande wa matundu, kwa sababu ndiyo yaliyoiua transomu hiyo. Usitoboe tundu la bolti moja kwa moja kwenye mbao mpya ukaweka silikoni. Bolti ya nusu inchi, toboa milimita 20, ziba nyuma kwa utepe, jaza epoksi yenye silika kwa awamu mbili ili isichemke, ikikomaa toboa upya milimita 13. Bolti sasa inapita kwenye epoksi tupu, na mpira wa kuzibia ukichoka maji hayafiki kwenye plaiwudi. Tundu la kizibo fanya vilevile, kwa uangalifu zaidi, kwani linakaa ndani ya maji ya ngama muda wote. Skrubu za kihisio cha kina usizifunge kwenye transomu: bandika kipande cha plastiki ngumu au mbao iliyoloweshwa epoksi kwa nje, skrubu ziishie humo.

Bolti ziwe za chuma cha pua namba 316, na ndani ziwe na bamba au washa pana. Kwa kuzibia tumia mpira wa poliyurethani kama Sikaflex 291. Chonga mdomo wa tundu mshazari kidogo ili mpira ukae kama pete. Kaza mpaka uchomoze, acha ushike, siku ya pili malizia kwa kuzungusha nati huku bolti imeshikwa, la sivyo unaukata mpira ulioanza kushika. Hata mashine yenye vishikio vya kuzungusha kwa mkono ipigie bolti za kupita.

Epoksi haivumilii jua, kwa hiyo ifunike kwa praima ya epoksi na rangi ya poliyurethani ya makopo mawili. Subiri wiki nzima kabla ya kupandisha mashine. Kama unafikiria kuhamia mashine ya mipigo minne, angalia uzito wake sasa, kwa kuwa huwa nzito kuliko ya mipigo miwili ya nguvu ileile, na mabano ya ndani ni rahisi kuyaongeza bakuli likiwa bado nje.

Boti ikikaa kwenye trela, inua omo (mbele ya boti) na toa kizibo. Maji ya mvua yanaozesha haraka kuliko ya bahari, kwani chumvi huzuia kuvu kwa kiasi fulani. Boti iliyojaa maji ya masika nchi kavu inaharibika kuliko inayokwenda kisiwa cha Mbudya kila wiki. Ukirudi safari ya kwanza, kagua nati zote na upitishe kidole chini ya bolti za ndani. Ukikuta unyevu, fungua bolti hiyo moja uzibe upya palepale, usisubiri.