Tuache kuahidi kwamba mashindano ya klabu yatamaliza ligi za barabarani

Mwanzisha mada

Wakuu, naleta hili nikijua wenzangu wa klabu watanirukia.

Kila klabu ya magari inapoomba kiwanja, iwe maegesho ya uwanja wa michezo au njia ya ndege iliyoachwa, barua yake haikosi sentensi moja: tupeni eneo, vijana wataacha ligi, yaani kushindanisha magari, barabarani. Barua za namna hiyo nimeziandika tatu kwa mkono wangu. Mwenye kiwanja anaipenda sentensi hiyo, askari wa barabarani anaipenda, hata sisi tukiisoma tunajiona wakombozi. Mimi nimefika mahali siiamini tena.

Angalieni nani anakuja. Mashindano yetu mengi ni otokrosi: koni zinapangwa kwenye lami pana, gari linaingia peke yake, linamaliza mzunguko kabla dakika haijaisha, saa inasoma hadi sehemu ya elfu ya sekunde, basi. Mara nyingi huvuki gia ya pili. Kwenye foleni utamkuta mhasibu mwenye daftari la upepo wa matairi, anaandika mbele kushoto, mbele kulia, kabla na baada. Utamkuta baba na binti yake wanapokezana gari moja. Watu wazuri kabisa, ila hakuna hata mmoja wao aliyekuwa barabarani saa nane usiku akitafuta wa kushindana naye.

Kijana wa ligi tulimpata mmoja msimu uliopita. Alikuja na marafiki sita, gari limeshushwa, ekzosi unaisikia kabla hujaliona lenyewe. Akaingia kwenye koni kama anavyoingia barabara kuu: mafuta hadi mwisho, kona ya kwanza gari likagoma kugeuka, likaenda moja kwa moja na koni nne zikaingia chini ya bampa. Raundi zote tatu hivyohivyo. Mwisho wa siku akaachwa sekunde tisa na mama mmoja mwenye kigari cha kupelekea watoto shule. Marafiki wakacheka, naye akacheka, hatukumwona tena. Simlaumu. Alikuja kutafuta mpinzani ubavuni, watu pembeni na giza. Sisi tukampa koni na saa.

Kwa hiyo naomba sentensi ile tuifute. Siku kijana akifa kwenye ligi kilomita mbili kutoka kiwanja tulichopewa kwa ahadi hiyo, tutajibu nini?

Koni Mbili

Mkuu, unapima mchezo mzima kwa otokrosi. Rudi nyuma kidogo. Kule California, vijana wa magari ya kujiundia walikuwa wakipimana kwenye tambarare za maziwa yaliyokauka maji tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili. Baada ya vita wengi wakahamia mitaani, na raia wakawachoka. Wally Parks akaanzisha NHRA, chama cha mbio za mstari mnyooka, mwaka 1951, na nia ya kuwatoa barabarani ilisemwa waziwazi tangu mwanzo. Aprili 1953 wakafanya mashindano yao rasmi ya kwanza Pomona, kwenye maegesho ya viwanja vya maonyesho. Maegesho, mkuu! Hayohayo unayoomba wewe kwenye barua zako.

Hawakuwapa vijana koni. Waliwapa kilekile walichokifuata mitaani, mstari mnyooka na mtu ubavuni, wakaongeza taa, ukuta na gari la wagonjwa. Na usiseme lazima uwe na gari la bei kubwa. Kuna mfumo ambao kila dereva anatangaza muda wake mwenyewe kabla ya kukimbia. Mwenye gari zito anaachiwa mapema, mwenye kasi anamfuata kwa tofauti ya muda waliyotangaza, na ukikimbia kuliko ulivyotangaza unashindwa kwa kudanganya. Gari la baba mkwe linaweza kuliangusha lile lenye tabo (turbo) mbili, mradi dereva awe anajijua. Marekani hiyohiyo kuna polisi wanaokwenda kushindana na vijana kwenye mstari huo, mpango wao unaitwa Beat the Heat.

Kijana wako hakuukataa mchezo. Alialikwa karamu akapewa chakula kisicho chake.

Mwanzisha mada

Historia ya NHRA naijua na naiheshimu. Lakini umejijibu mwenyewe: wale walijenga kitu kinachofanana na ligi. Klabu zetu nyingi hazitaki hata kukisikia. Mstari mnyooka unataka lami ndefu, nafasi ya kusimamishia gari iwe ndefu kuliko ya kukimbilia, vizuizi pande mbili na bima nzito. Koni zinataka maegesho na watu wa kuinama kuziokota. Kwa hiyo tunaahidi cha Pomona na kuleta cha koni. Ugomvi wangu uko hapo tu.

Jirani wa Kiwanja

Mimi si mwanachama. Nyumba yangu inatazamana na geti la kiwanja fulani kinachotumiwa na klabu moja, sitaitaja.

Kelele za ndani nimezizoea, na nasema kweli, wamezipunguza. Wanapima ekzosi kwa kifaa, anayezidi anarudishwa. Shida yangu ni saa kumi jioni. Mashindano yanafungwa saa kumi, ligi inaanza saa kumi na dakika tano, kuanzia getini. Watazamaji ndio wabaya kuliko washindani. Wameshinda juani wakitazama wenzao wanakimbia, damu imechemka, wanatoka na magari yao wakichoma matairi hadi kwenye taa za makutano. Mwezi jana mmoja alipanda kingo ya njia ya waenda kwa miguu, bahati hapakuwa na mtu.

Kwa hiyo swali lenu kwamba mashindano yanapunguza ligi au la, kwangu lina jibu la tatu. Siku hiyo, kwenye barabara hiyo, yanaiongeza.

Koni Mbili

Hilo sina la kulibishia. Ila dada, au kaka, uniwie radhi sijui nikuite nani, hilo ni kosa la usimamizi na lina dawa. Klabu niliyoanzia ilikuwa na mtu mmoja getini na kalamu. Ukichoma tairi ukitoka, namba yako inaandikwa, muda wako wa siku hiyo unafutwa na msimu mzima huingii. Mwaka wa kwanza walifuta watu watatu, mmoja wao alikuwa anaongoza daraja lake. Baada ya hapo watu wakawa wanatoka kama wamebeba mayai.

Jirani wa Kiwanja

Ni dada. Na mtazamaji asiye na muda wa kufutwa mtamfuta nini?

Fundi wa Ukaguzi

Nimesoma wote. Nyinyi mnabishana nani anakuja na nani haji. Mimi niko mezani kwa ukaguzi miaka mingi, nitawaambia ninachokiona.

Gari likifika natikisa tairi juu na chini, kisha kushoto na kulia, kusikia kama beringi au boljointi imelegea. Nakaza nati moja ya kila tairi kwa mkono wangu. Nafungua boneti nashika betri: ikicheza, hukimbii. Nakanyaga pedali ya breki na kuishikilia hadi kumi, ikizama narudisha gari nyumbani. Halafu naingiza mkono chini ya kiti. Jumapili moja nikatoa chupa ya maji iliyojaa chini ya kiti cha dereva, kijana wa miaka kama ishirini. Nikaiweka sakafuni, nikamwambia asukume gari mbele kidogo kisha avute hendibreki ghafla. Chupa ikabingirika, ikaenda kukaa nyuma ya pedali ya breki kama imetengenezewa pale. Nikamwambia kanyaga. Pedali haikushuka hata nusu.

Hakusema neno. Aliitazama ile chupa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Gari hilo alikuwa amekuja nalo kwa barabara kuu, na mdogo wake pembeni.

Sijui kama anafanya ligi. Siku hizi akifika kwangu chini ya kiti pameshasafishwa kabla sijauliza.

Mwanzisha mada

Mzee wangu, hiki ndicho nilitaka mtu akiseme. Hiki kiandikwe kwenye barua! Klabu inafundisha watu kukagua gari, inamfundisha mtu gari lake linafanya nini likipoteza mshiko kwenye mwendo mdogo, mahali ambapo adhabu ya kukosea ni koni. Tena adhabu yenyewe ina haki ndani yake. Kwenye kanuni nyingi, mfano zile za SCCA, chama cha magari ya michezo cha Marekani, kila koni imechorewa mstari chini. Ukiigusa ikasogea lakini ikabaki imesimama na inagusa mchoro wake, hudaiwi. Ikilala, au ikitoka nje kabisa, unaongezewa sekunde mbili. Nimewaona watu wazima wamepiga magoti kwenye lami ya moto wakitazama kama ukingo wa koni unagusa chaki.

Na kwa wanaosema mchezo wote ni hatari, upigwe marufuku: tofauti ya gari moja moja na magari mengi kwa pamoja, hata serikali kali zimeiona. Baada ya ajali ya mbio za Le Mans, Ufaransa, ya 1955, iliyoua watazamaji zaidi ya 80, Uswisi ilipiga marufuku mbio za viwanja vya mzunguko kwa miongo mingi. Mbio za kupanda kilima, gari moja moja dhidi ya saa, ziliendelea. Uingereza mstari ulichorwa kwenye barabara ya umma: mwaka 1925 mtazamaji alivunjika mguu kwenye mbio za kupanda kilima cha Kop Hill, na huo ukawa mwisho wa kutoa vibali vya mbio za kasi kwenye barabara za umma. Lakini Shelsley Walsh, kilima cha yadi 1,000 kilichoanza 1905, kiko nje ya barabara ya umma na bado kinapandwa.

Dada jirani ameligusa jambo lenyewe: mtazamaji. Watkins Glen, Marekani, mwaka 1952 mbio zilikuwa zinapita katikati ya mji, gari likaigusa safu ya watu pembeni, mtoto wa miaka saba akafa. Waliondoka mjini, na mwaka 1956 wakajenga kiwanja cha kudumu. Sisi bado tunahesabu watazamaji kama sifa. Tunapiga picha ya umati tunaiambatanisha kwenye barua.

Mama wa Dereva

Mwanangu ni wa ligi. Alikuwa, sijui niseme vipi. Mwanzisha mada, umesema mlimpata mmoja akaja mara moja. Kuna mtu aliyempigia simu?

Mwanzisha mada

Hapana, mama. Hakuna aliyempigia.

Mama wa Dereva

Wangu alipigiwa. Walimwambia njoo Jumamosi usikimbie, njoo uokote koni. Alikasirika, akaenda. Ukiwa mwokota koni unasimama mahali ambapo madereva wote wanakosea, unaona nani anakanyaga breki mapema na nani anachelewa. Alirudi ananieleza kona za watu wengine, mezani, na vikombe. Bado ana rafiki zake wa usiku. Sidai kwamba ameacha.

Koni Mbili

Mama, ahsante. Ndiyo maana ya jina langu hapa, na mimi nilianzia kuokota.

Niongeze moja, maana tumelikwepa: pesa. Hata ukimpigia simu, akifika anakuta mwenye matairi laini ya seti mbili na trela. Atarudi vipi? Waskandinavia walilitatua hili zamani. Kwenye folkrace, mbio zao za magari ya bei nafuu, gari lina bei moja iliyowekwa na kanuni, na mashindano yakiisha mshindani mwenzako anaweza kulitaka kwa bei hiyohiyo, nawe ukigoma kuuza unafungiwa. Nani ataweka injini ya mamilioni kwenye gari analoweza kunyang'anywa jioni? Marekani mbio za magari mabovu ziitwazo 24 Hours of Lemons walikuja na gari lisilozidi dola 500. Wakaguzi wakiona umedanganya, unakatwa mzunguko mmoja kwa kila dola 10 zilizozidi. Ila kizimba cha vyuma, kiti, breki na matairi havihesabiwi kwenye hizo 500, kwa hiyo hakuna anayepunguza usalama ili apate nguvu.

Fundi wa Ukaguzi

Kanuni ya kuuza naipenda, lakini kwenye gari la mtu la kila siku haifai. Utamnunulia mtu gari analoendea kazini? Hiyo ni ya magari ya mashindano tu. Kwa koni, gawa madaraja kwa matairi, yamalizike. Tairi ndiyo pesa.

Mwanzisha mada

Nakubali kuhusu matairi. Folkrace tuifungulie mada yake, maana tutalala hapa.

Barua ya nne naiandika wiki hii. Sentensi ya ligi nimeitoa. Mahali pake nimeweka hivi: "Kila gari litakaguliwa kabla ya kuingia na ripoti ya ukaguzi atapewa dereva bure, awe ameshindana au hakushindana. Watazamaji watahitaji kujiandikisha kwa namba ya gari, na anayechoma tairi getini, mshindani au mtazamaji, hataruhusiwa kurudi. Nafasi kumi za kila siku zitakuwa za waokota koni wasio wanachama."

Dada jirani, nikikutumia rasimu utaisoma kabla haijaenda?

Jirani wa Kiwanja

Nitaisoma. Andika na saa ya kufunga. Na uandike nani atakuwa amesimama pale kwenye taa.