Mrejesho: kaka yangu mwanajeshi aliyekuwa akilala nje
Niliwauliza nimpeleke wapi kaka yangu, mwanajeshi wa zamani aliyekuwa akilala nje na kunywa kila siku. Asanteni sana. Aliyenionya kwamba asiache pombe ghafla bila daktari alimwokoa: siku ya pili alitetemeka vibaya, na degedege lingeweza kumuua, ila alikuwa tayari wodini. Kisha tukahangaikia cheti chake cha kuachishwa jeshi, maana bila hicho nyumba ya mpito, yaani makazi ya muda kwa wasio na pa kuishi, ilisita kumpokea. Sasa ana chumba na ufunguo wake, anameza naltreksoni, dawa ya kupunguza hamu ya pombe, na jioni hukaa na wenzake waliopigana vita. Aliteleza mara moja tu, akanywa tena. Wasimamizi wa nyumba hawakumfukuza, walimrudisha kwa mshauri. Jana nilimkuta amelala usingizi mzito, viatu amevua.